Gurudumu la Kwenda Kazini Hupimwa kwa Njia

Hakuna mtu mwenye akili timamu aendaye dukani kununua viatu akaomba apewe jozi kubwa kuliko zote zilizomo. Ataomba vile vinavyomkaa. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua chombo cha kumpeleka kazini, husahau mguu wake, husahau njia yake, akauliza swali moja tu: "Kinakimbia kiasi gani?"

Swali hilo ndilo aliloniletea mpwa wangu Jumapili moja jioni. Kijana huyu anakaa orofa ya nne huko Umoja, na kazi yake iko katika ghala moja la Industrial Area. Ni mwendo wa kilomita kama 10 kwenda, na 10 kurudi. Kila siku hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili asichelewe, na mvua ikinyesha nauli ya matatu hupanda kabla hata matone hayajafika chini. Amechoka. Kwa miaka miwili amekuwa akiweka akiba, na sasa anataka kununua gurudumu la umeme.

Kwa wasomaji ambao hawajaliona, nitalieleza. Ni gurudumu moja tu, halina usukani wala kiti. Mpandaji husimama juu ya vikanyagio viwili, kimoja huku na kimoja huku, gurudumu likiwa katikati ya miguu yake. Akiinama mbele kidogo linakwenda, akijivuta nyuma linapunguza mwendo. Ndani mna betri na mota, na mota hiyo ndiyo inayomshikilia asianguke kifudifudi. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani ni mchezo wa sarakasi. Lakini watu hujifunza kwa siku chache, kama sisi tulivyojifunza baiskeli kwa kuchubuka magoti.

Kijana alinionyesha picha kwenye simu. Madogo yana kipenyo cha inchi 14, yana uzito wa kilo 12 hivi, na huenda kama kilomita 25 kwa saa. Makubwa yana inchi 18 au 20, mengine hupita kilo 30, na yapo yanayopita kilomita 70 kwa saa. Yeye kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya lile kubwa kuliko yote. "Mjomba," aliniambia, "hili likishika Jogoo Road, hakuna matatu litakalonipita."

Nilinyamaza kwanza. Nilikumbuka baiskeli ya marehemu baba.

Mitaa yetu ya zamani, Makongeni, Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho, ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, wengi wao wa reli, wa viwandani na wa halmashauri ya jiji. Waliokaa humo waliweza kwenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli, na baiskeli yenyewe ilikuwa ile nyeusi, nzito, tuliyoiita Black Mamba. Magurudumu yake yalikuwa ya inchi 28. Haikuwa na mbwembwe, na mwendo wake ulikuwa kilomita 15 kwa saa au kupungua. Lakini ilifaa. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo ambalo gurudumu dogo hutumbukia. Madigadi yake yaliachana na tairi, kwa hiyo udongo mweusi wa Eastlands, ule unaonata kama ugali mbichi wakati wa masika, haukuikwamisha upesi. Na siku ya kuinunua, baba hakuuliza inakimbia namna gani. Alisimama ameitambuka, nyayo zote mbili chini, akaangalia kama ule mti wa fremu unamgusa. Kisha akakaa kitini, akashusha pedeli mpaka chini, akaona kama mguu wake unafika bila kunyooka kabisa. Fundi aliyekuwa chini ya mti akamwambia, "Mzee, hii imekuzaa." Hapo ndipo fedha zikatoka mfukoni.

Mimi mwanawe sikuwa na busara hiyo. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilinunua baiskeli ya mashindano, tairi nyembamba kama kidole, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Nilitamba nayo Buruburu yote wiki tatu. Wiki ya nne, nikiteremka kwa kasi jioni, tairi la mbele liliingia kwenye pengo la mfuniko wa mtaro. Nilivunjika mtulinga, nikakosa kazi mwezi mzima. Barabara ile nilikuwa nikiijua kwa miaka mingi, na mashimo yake nilikuwa nikiyajua. Kosa lilikuwa kwamba nilinunua chombo cha barabara nisiyokuwa nayo.

Basi nilimwambia mpwa wangu tuchukue kalamu na karatasi. Njia yake ni kilomita 10. Akienda kilomita 15 kwa saa, mwendo wa baiskeli ya babu yake, atatumia dakika 40. Akienda 20, dakika 30. Akienda 25, dakika 24. Akienda 40, dakika 15, na akienda 50, dakika 12. Tazameni hesabu hiyo vizuri, ndugu wasomaji. Kutoka 15 kwenda 20 anaokoa dakika 10 nzima. Kutoka 40 kwenda 50 anaokoa dakika 3 tu. Na dakika 3 hizo atazipoteza zote kwenye taa moja ya barabarani, au akimngojea mtu wa mkokoteni avuke pale Mutindwa.

Hatari nayo haipungui namna hiyo, bali huongezeka. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimamia kwa breki huzidi mara nne. Anayekwenda 25 husogea mita 7 kwa kila sekunde moja, na anayekwenda 50 husogea mita 14 kabla akili haijauambia mwili, "Simama!" Katika mita 14 za Eastlands mna mtoto anayefuata mpira, mama wa mboga anayekusanya vikapu vyake, na matatu lililosimama ghafla kumchukua abiria. Sheria ya trafiki inayaruhusu magari kilomita 50 kwa saa ndani ya miji, na hayo yana magurudumu manne na mabati pande zote. Mtu aliyesimama juu ya gurudumu moja, bati lake ni ngozi yake.

Tulipofika hapo nilidhani nimeshinda. Nikamwambia, "Basi nunua lile dogo la inchi 14, la kilomita 25. Yatosha."

Hapo kijana akanisahihisha, na naungama mbele yenu kwamba alikuwa na haki. Aliniambia, "Mjomba, umesema mwenyewe juu ya mashimo. Gurudumu la inchi 14 litatumbukia. Tena sikiliza. Hili si baiskeli. Mota ndiyo inayonishika nisianguke. Nikilipeleka mpaka mwisho wa nguvu zake, halibakiwi na nguvu ya kuniinua nikiingia shimoni au nikikutana na upepo. Hapo naanguka kwa uso." Ni kweli. Tena betri ikipungua, na nguvu ya mota hupungua. Gurudumu liwezalo kilomita 25 asubuhi likiwa limeshiba, jioni likiwa na njaa halitaweza hizo 25 kwa usalama. Kwa hiyo anayetaka kwenda 25 kila siku hafai kununua chombo ambacho 25 ndiyo pumzi yake ya mwisho. Anunue chenye akiba, kisha akitumie kwa kiasi. Lori liwezalo kubeba tani kumi hubeba tani saba kwa miaka mingi, na lile la tani saba likibebeshwa saba kila siku hufa mapema.

Hivyo tukalirudia lile kubwa la inchi 20. Nikamwuliza, "Unakaa orofa ya ngapi?" Akasema ya nne. "Lifti ipo?" Akacheka. Nikamwambia akachukue mfuko wa saruji wa kilo 50, auondoe theluthi moja, apande nao ngazi mpaka mlangoni pake baada ya kazi ya kutwa, na kesho yake ateremke nao alfajiri gizani. Kuliacha chini haiwezekani, maana asubuhi atakuta nafasi yake tu. Gurudumu la kwenda kazini hulala chumbani na mwenyewe, kando ya kitanda, likila umeme. Uzito basi si jambo dogo. Watengenezaji hutangaza mwendo kwa herufi kubwa na uzito kwa herufi ndogo, lakini mwendo utautumia dakika 24, na uzito utaubeba maisha yote ya chombo hicho.

Tukaangalia na safari yenyewe. Anatoka Umoja kwa Moi Drive, anapita Mutindwa, anaikata Outer Ring, anapita Buruburu, anafuata Jogoo Road kidogo, kisha anashika Likoni Road. Ardhi ya Nairobi huinuka kuelekea magharibi, kwa hiyo mtu wa Eastlands asubuhi hupanda polepole na jioni huteremka. Hilo ni jambo la heri, kwani betri hufanya kazi nzito ikiwa imejaa. Lakini umbali unaotangazwa na kiwanda hupimwa kwa mpandaji mwepesi, kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa wastani. Kwa kilomita 20 za kwenda na kurudi, mimi ningetaka lililoahidiwa 40. Kuijaza betri ya safari hiyo ni kama nusu yuniti ya umeme, fedha ambazo hazimfikishi mtu hata kituo cha kwanza kwa matatu.

Mwishowe tuliafikiana juu ya gurudumu la kati: inchi 16, tairi nene, uzito wa kilo 20 hivi, lenye uwezo wa kilomita 45 kwa saa. Lakini atalifunga lisipite 28, maana magurudumu hayo huwekewa kikomo na mwenyewe, na ukikikaribia hulia kengele na kuinua kikanyagio kukusukuma nyuma. Fedha alizookoa kwa kuliacha lile kubwa atanunua kofia ngumu ya kufunika mpaka kidevu, vikinga vya mikono na magoti, na taa mbili, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Na siku ya mvua kubwa atapanda matatu kama zamani. Maji yaliyofunika barabara yamefunika na mashimo, na maji na umeme si marafiki.

Najua wapo watakaomcheka. Sisi watu wa Eastlands tumelelewa na matatu. Tangu mwaka 1973, Mzee Kenyatta alipoyaruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu, tumejifunza kwamba aliye mbele ndiye mwanamume. Tunalisifu gari kwa rangi zake, muziki wake na namna linavyoyapita mengine. Serikali ililazimika kuleta kanuni za mwaka 2004, zikayafunga matatu yasipite kilomita 80 kwa saa na kila abiria akatakiwa kufunga mkanda. Wengi tulinung'unika, ingawa tulikuwa tumezika jamaa na majirani. Sasa kijana anapofunga mwenyewe gurudumu lake kwa hiari, bila polisi wala kanuni, sioni kwa nini aitwe mwoga.

Na jiji nalo lina deni. Barabara ya Outer Ring ilipopanuliwa ilipewa njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Njia kama hizo zingeendelezwa bila kukatika mpaka Industrial Area, zisigeuzwe gulio wala maegesho, maelfu wangekwenda kazini kwa baiskeli za kawaida, na wenye magurudumu ya umeme wasingelazimika kuchagua kati ya kumgonga mama wa mboga na kugongwa na basi. Mpaka siku hiyo, mwendo unaofaa ni ule utakaokuwezesha kusimama mtoto akitokea.

Dada yangu, mama yake kijana, alikuwa jikoni akisikiliza mazungumzo hayo yote bila kusema neno. Alipotuletea chai alimwuliza mwanawe swali moja: "Na hilo mlilochagua, litakufikisha saa ngapi?" Kijana akamjibu kwamba akitoka saa kumi na mbili na robo, saa moja kasorobo atakuwa kazini. Mama akapiga hesabu kwa vidole. Ni dakika 45 zaidi za kulala. Akasema, "Basi inatosha. Mimi sikutaka ufike mbele ya matatu. Nataka ufike."

Anayetaka kununua chombo cha namna hii, kiwe gurudumu, baiskeli au pikipiki ya umeme, na aitembee njia yake kwanza kwa miguu, siku moja tu, akihesabu mashimo, matuta na vivuko. Kisha apande ngazi za nyumba yake akiwa na mzigo. Akimaliza hayo ndipo aende dukani, na muuzaji akianza kumweleza kinakimbia kiasi gani, amwambie ampe kwanza uzito wake.