Ukiumwa na nyoka, usingoje kujua ni wa aina gani

Mwezi Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilitangaza kwamba wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda wameondolewa kwenye mgao wa chakula. Anayekosa mgao hulima zaidi na hufuata kuni mbali zaidi. Mkimbizi na mwenyeji wanapita njia moja kwenye majani marefu, na nyoka yumo humo.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba nyoka mwenye sumu ana kichwa cha pembetatu. Kwa kifutu, ambaye wengine humwita bafe, ni kweli: ana kichwa kipana na mwili mnene, na hulala kimya njiani. Lakini swila na koboko wana vichwa vyembamba, na sumu yao inaweza kuzuia pumzi. Kuna pia nyoka mla mayai, asiye na sumu, ambaye akitishwa hutanua kichwa na kusugua magamba hadi yatoe sauti kama ya kifutu. Rangi nayo hudanganya, maana nyoka wa aina moja huwa na rangi tofauti. Hata alama mbili za meno hazionekani kila mara.

Kwa hiyo hesabu kila nyoka aliyeuma kuwa ana sumu. Usimfukuze wala usimbebe; hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma. Vua pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe. Mgonjwa atulie, na kiungo kilichoumwa kisichezechezwe. Usifunge kamba kwa nguvu, usichanje, usinyonye. Jiwe jeusi halitoi sumu, linakula muda. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi. Kisha tafuta pikipiki, na mtu wa kumshikilia mgonjwa nyuma, mwende kituo cha afya. Hata asipohisi kitu, abaki chini ya uangalizi kwa saa 24.

Hapo ndipo tatizo kubwa linapoanza. Dawa ya kuua sumu ya nyoka ni ghali, na si kila kituo kinayo. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa iliyotegemewa sana Afrika. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilirudisha kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika, na lengo lake ni kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030.

Lengo hilo litafika kijijini kwako kama mtauliza mapema. Kwenye kikao kijacho, mwulize kiongozi wa wakimbizi au mwenyekiti wa LC1: kituo chetu kina dawa hiyo? Kama hakina, ya karibu iko wapi, na usiku tutafikaje?