Eagles walibadili wasaidizi, wakabeba ndoo: Ni akina nani waliokaa nyuma ya Sirianni?

MATOKEO yanasema Philadelphia Eagles 40, Kansas City Chiefs 22. Waliokesha kuitazama Super Bowl ya Februari 9, 2025, ambayo kwa saa za Afrika Mashariki ilianza Jumatatu saa 8:30 usiku, wanajua mechi haikuwa na ukaribu huo. Hadi mapumziko ilikuwa 24-0. Robo ya tatu ikielekea ukingoni, 34-0. Patrick Mahomes, aliyekuwa akiisaka ndoo ya tatu mfululizo, aliangushwa mara sita akiwa bado ameshika mpira.

Sifa zimekwenda kwa kocha mkuu Nick Sirianni, na anastahili. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo jamaa alikuwa amekalia kuti kavu. Msimu wa 2023 Eagles walishinda mechi 10 kati ya 11 za mwanzo, kisha wakaporomoka. Walipoteza tano kati ya sita za mwisho, halafu wakachapwa 32-9 na Tampa Bay Buccaneers kwenye mtoano. Kocha mkuu akabaki. Waliofungashiwa virago ni wasaidizi wake, Brian Johnson wa mashambulizi na Sean Desai wa ulinzi.

Kwa shabiki wa soka hilo linaweza kuonekana jambo dogo. Kwetu msaidizi ni yule anayepanga koni mazoezini na kumnong'oneza bosi dakika ya 70. Kwenye mpira wa Kimarekani mambo ni tofauti. Kikosi kinachoshambulia na kinachozuia ni watu tofauti kabisa, na kila kikosi kina mkubwa wake ambaye mara nyingi ndiye anayechagua mbinu ya kila mchezo, mmoja baada ya mwingine, kwa zaidi ya saa tatu. Kidogo inafanana na Arsenal na Nicolas Jover wao wa mipira ya kutenga. Tofauti ni kwamba huku kila pigo ni kama mpira wa kutenga.

Mzee wa ulinzi

Aliyeletwa kwenye ulinzi ni Vic Fangio, aliyekuwa na umri wa miaka 66 wakati wa fainali. Huyu mzee hajawahi kucheza NFL. Alianza kwa kufundisha vijana katika shule aliyosoma mwenyewe kule Dunmore, Pennsylvania. NFL aliingia 1986 na New Orleans Saints, na baada ya hapo akazunguka ligi kama fundi wa mtaa anayeitwa kila nyumba yenye bomba bovu. Alisimamia ulinzi wa Carolina Panthers tangu msimu wao wa kwanza wa 1995, kisha Indianapolis Colts, Houston Texans, San Francisco 49ers na Chicago Bears.

Alifikisha miaka 60 ndipo akapewa timu yake mwenyewe, Denver Broncos, mwaka 2019. Misimu mitatu, ushindi 19, vipigo 30, kibarua kikaota nyasi. Akapita Miami Dolphins kwa msimu mmoja na kuondoka. Kwa kuisoma CV hiyo harakaharaka, mtu angesema Eagles wameokota mtu aliyekwisha.

Kilichotokea ni kwamba msimu wa 2024 hakuna timu iliyoruhusu yadi chache kuliko Eagles. Na fainali yenyewe ilichezwa Superdome, uwanja uleule alioanzia kazi ya NFL. Kwenye mechi hiyo Fangio hakutuma hata mara moja mtu wa ziada kwenda kumkimbiza Mahomes. Aliwaacha wanne wa mbele wafanye kazi, saba wakabaki nyuma kufunga njia za pasi. Kumvumilia Mahomes kwa staili hiyo kunahitaji moyo, na moyo wa hivyo haupatikani kwa mtu wa juzi.

Wanne hao wa mbele walikuwa chini ya Clint Hurtt, ambaye miaka miwili ya nyuma alikuwa msimamizi wa ulinzi wote wa Seattle Seahawks. Alikubali cheo kidogo. Mabeki wa nyuma wakawa na Christian Parker, kijana aliyefanya kazi na Fangio Denver. Unaona mtiririko wake: mzee hakuja na begi peke yake.

Stoutland na chuo chake

Ila kama kuna mtu mmoja kwenye benchi hilo anayestahili ukurasa wake, ni Jeff Stoutland, kocha wa ukuta wa mbele. Aliingia Eagles 2013 akitokea chuo kikuu cha Alabama alikochukua ubingwa wa taifa mara mbili. Aliyemleta, Chip Kelly, alifukuzwa. Doug Pederson akaja, akachukua Super Bowl, naye akafukuzwa. Sirianni akaja. Stoutland alikuwa bado palepale. Makocha wakuu watatu, msaidizi yuleyule.

Kazi yake inaonekana kwa Jordan Mailata. Mwaka 2018 Eagles walimchukua raundi ya saba, nafasi ya 233, akiwa mcheza ragbi kutoka Australia ambaye hajawahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huu. Stoutland alimfundisha kuanzia namna ya kusimama. Leo wachezaji wanapojitambulisha kwenye runinga kwa kutaja vyuo walivyosoma, Mailata hujitaja kuwa ametokea "Chuo Kikuu cha Jeff Stoutland". Nyuma ya ukuta huohuo Saquon Barkley alikimbia yadi 2,005 katika msimu wa kawaida.

Hata hivyo, Stoutland hakuitwa na timu yoyote kuwa bosi baada ya fainali. Aliyeitwa ni Kellen Moore, aliyekuwa na miaka 35. Siku mbili tu baada ya ubingwa, New Orleans Saints walimtangaza kocha mkuu.

Moore ni mtoto wa kocha wa shule. Chuo cha Boise State alishinda mechi 50 na kupoteza tatu kama mrushaji mkuu, lakini mwaka 2012 hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti. NFL alicheza mechi tatu tu. Msimu wa 2017 bado alikuwa mchezaji wa Dallas Cowboys, 2018 akawa kocha wa warushaji wao, 2019 akapewa mashambulizi yote. Ni ngazi aliyoipanda kwa lifti.

Foleni haiko sawa kwa wote

Hapo ndipo penye ishu. Eric Bieniemy alicheza NFL misimu tisa, akasimamia mashambulizi ya Chiefs kuanzia 2018 hadi 2022 na kupata pete mbili. Waliokalia kiti hicho kabla yake, Pederson na Matt Nagy, wote walipewa timu. Yeye aliitwa kwenye usaili mara nyingi na kurudi mikono mitupu kila mara. Wapo wanaosema mbinu zilikuwa za Andy Reid. Sawa, lakini Reid huyohuyo ndiye aliyekuwa bosi wa Pederson na Nagy.

NFL ina kanuni tangu 2003, Rooney Rule, inayozitaka timu ziwasaili watu weusi na wa jamii nyingine za wachache kabla ya kuajiri. Kusaili ni jambo moja, kumpa mtu funguo ni jingine. Mwaka 2025 Bieniemy alipata kazi Chicago Bears, kocha wa wakimbiaji. Kilikuwa cheo kilekile alichoanza nacho NFL akiwa Minnesota Vikings mwaka 2006.

Eagles nao mwaka 2025 walimpa Kevin Patullo kiti cha Moore. Alikuwa na Sirianni tangu Indianapolis, aliijua timu chumba kwa chumba, ila hakuwa amewahi kuwa mchaguzi wa mbinu za mashambulizi NFL. Wachezaji wengi wa mashambulizi walibaki, Stoutland alibaki, Fangio alibaki. Kama kingeanza kuyumba Septemba, mashabiki wa Philadelphia hawana subira. Wangeanza na jina lake.