MAZIWA YAPIMWE ZIZINI, SI KWENYE KIZUIZI

Ndugu wachimbaji, nanyi wenyeji wa miji yetu,

Kila asubuhi maziwa hushuka kutoka malisho ya Ngungu na vilima vingine vya Masisi. Hushuka kichwani, hushuka kwa pikipiki, ndani ya bidoni za manjano ambazo kwanza zilikuwa za mafuta ya kupikia. Njiani hukuta kamba imefungwa barabarani. Mwenye kamba huhesabu bidoni, hutaja bei, hupokea franka zake, na kamba hulegezwa. Je, amefungua kifuniko? Hakufungua. Amenusa? Hakunusa. Ameuliza kama ng'ombe aliyekamuliwa ni mzima au mgonjwa? Hilo si neno lake.

Basi sisi twauliza: ukaguzi gani huu? Maziwa yanakaguliwa kwa ajili ya fedha, wala hayakaguliwi kwa ajili ya mtoto atakayeyanywa!

Wako watakaosema, "Babu zetu walikunywa maziwa, na sisi tumezaliwa." Ni kweli. Lakini babu alikamulia katika chombo cha mti kilichofukizwa moshi, akanywa pale pale nyumbani au akayagandisha. Maziwa ya leo husafiri saa nyingi juani, ndani ya bidoni yenye shingo nyembamba isiyoingia mkono wa kusugua. Uchafu wa jana ndio unaoyapokea maziwa ya leo.

Tena uko ubaya usioonekana kwa macho. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba, yaani bruselosi, humwambukiza mtu kwa maziwa mabichi. Mtu huyo hupata homa inayokwenda na kurudi, viungo vinamuuma, hana nguvu ya kushika sururu. Husema ni malaria, hununua dawa ya malaria, haponi. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo hiyo. Ng'ombe aliyedungwa sindano ya dawa leo, na maziwa yake yakauzwa kesho, dawa ile inaingia kikombeni, wala kuchemsha hakuiondoi kabisa. Na yule anayeongeza maji ya kijito ili bidoni ijae, anauza kuhara pamoja na maziwa.

Ninyi wachimbaji wa Rubaya mnajua namna kitu kinavyokaguliwa pale wakubwa wanapotaka. Tangu 2014, kwa miaka mingi, mifuko ya koltani ilifungwa tagi yenye nambari, ili mnunuzi wa ng'ambo aambiwe jiwe lake limetoka shimo gani. Jiwe lina cheti! Maziwa anayokunywa mtoto wa mchimbaji hayana hata mtu wa kuyaonja. Nani basi ana thamani, simu ya mgeni au tumbo la mtoto wetu?

Hatumlaumu mama mwenye bidoni moja, wala mchungaji anayekamua ng'ombe wasio wake. Lawama ipande juu zaidi. Mashamba makubwa ya Masisi yaliachwa na walowezi, na baada ya amri za 1973 mengi yakaingia mikononi mwa watu waliokuwa karibu na utawala. Mwenye shamba huishi mbali. Huuliza lita ngapi zimetoka, haulizi ng'ombe wangapi wametupa mimba. Faida ni yake, homa ni yetu.

Wala hatutaki ukaguzi wa kumwaga maziwa ya maskini barabarani. Tutazame Kenya. Huko walowezi walianzisha kampuni yao ya maziwa, KCC, mwaka 1925, na kwa miaka mingi sheria za maziwa zilimlinda mkubwa na kumfukuza mchuuzi mdogo. Hata hivyo watu waliendelea kununua maziwa mabichi, kwa kuwa ndiyo waliyoyaweza kwa mfuko wao. Tangu 2004 Bodi ya Maziwa ya Kenya ilianza njia nyingine: mchuuzi mdogo afundishwe usafi, apimwe, apewe leseni. Mtu aliyefundishwa ana kitu cha kulinda. Mtu anayefukuzwa hupita usiku, na usiku hakuna usafi.

Kwa hiyo twadai haya:

Kwanza, daktari wa mifugo afike zizini, apime ng'ombe, na wagonjwa watengwe. Gharama ni ya mwenye shamba.

Pili, kila mahali maziwa yanapokusanywa pawe na vipimo. Si mashine za ajabu. Laktometa huelea ndani ya maziwa, ikizama kupita kiasi maji yameongezwa. Alkoholi ya kupimia ikichanganywa na maziwa kiasi sawa, maziwa yakikatika, yameanza kuchacha au kiwele kina ugonjwa.

Tatu, fedha za vizuizi zinunue vyombo vya alumini vyenye mdomo mpana, wauzaji wavipate kwa bei nafuu.

Tusiambiwe kwamba hakuna wa kuulizwa. Watawala wa barabara hizi wamebadilika mara nyingi, na Januari 2025 hata Goma iliingia mikononi mwa M23. Kamba haikufunguliwa. Yeyote anayeishika na kupokea franka ya maziwa, huyo ndiye tunayemdai.

Nasi tusingoje tumekaa. Chemsha maziwa mpaka yafure, hata kama muuzaji ni ndugu yako. Uliza yametoka zizi gani. Yakikatika, yarudishe mbele ya watu. Mkisimama kumi mbele ya bidoni moja, habari itapanda mpaka Ngungu kabla ya jioni, na mwenye shamba ataisikia huko aliko.