Siku 84 hazimfikii mama wa pamba
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua mapacha, na akirudi kazini, hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Mkulima wa pamba wa Sola, mkoani Simiyu, hana mwajiri, basi hana hata siku moja. Wataalamu wanataka mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Pamba iliyopasuka haingoji hata arobaini ya mama.

Watasema mkulima hujipangia muda. Palizi hupangwa na mvua! Vyama vya ushirika vinavyokusanya pamba (AMCOS) vianzishe mfuko wa uzazi wa kulipa vibarua wamshikie jembe. Makato kwenye malipo ya pamba ni mengi tayari, kweli, ila haya ya mfuko yangemrudia mkulima mwenyewe.