Haki ya Mtoto Kusikilizwa Akisoma

Mtu aingiaye katika Darasa la Kwanza la shule ya msingi, iwe ya Chiwata au ya Newala, hupokewa na sauti tamu ya watoto wakiitikia kwa pamoja silabi zilizoandikwa ubaoni, na aghalabu hutoka na yakini moyoni kwamba watoto wale wanajua kusoma. Lakini na amwite mmoja wao pembeni, azifunike silabi zote kwa kiganja isipokuwa moja, tuseme bo, kisha amwulize inasomwaje. Mara nyingi mtoto hataitazama silabi ile hata kidogo. Atainua macho juu, midomo itacheza, ataanza kunong'ona ba, be, bi, mpaka aifikie bo, ndipo aitamke kwa furaha. Mtoto huyu amehifadhi wimbo, herufi bado hazijui. Na mwalimu mwenye watoto 70 mbele yake hana njia ya kulitambua jambo hilo, kwa kuwa katika sauti ya wengi sauti ya asiyejua husitirika.

Rai yangu ni kwamba kila mtoto wa Darasa la Kwanza na la Pili anastahiki, walau kwa robo saa katika siku za masomo, kukaa na mtu mmoja ajuaye kusoma, amsikilize yeye peke yake, amngoje anapokwama, na amsahihishe pale pale kosa linapotokea. Wala dai hili si geni, maana sisi wenyewe tumekwisha kulikubali nusu yake. Tangu mwaka 2010, watu wa mpango wa upimaji uitwao Uwezo walipoanza kuzunguka katika nyumba za Tanzania, Kenya na Uganda kuuliza kama watoto wanajua kusoma, hawakuwauliza kwa makundi: walikaa na kila mtoto nyumbani kwao, wakamwonyesha silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi, wakaandika alipofika. Matokeo yaliwahuzunisha wengi, kwani watoto wengi wa Darasa la Tatu hawakuweza kuisoma hadithi ya Darasa la Pili. Tumekiri basi kwamba usomaji wa mtoto haujulikani ila kwa kumsikiliza yeye peke yake; lakini tukimaliza kumpima humrejesha kundini, tukamwachia kundi limfundishe kile ambacho kundi halikuweza hata kukipima.

Sisemi haya kwa kudharau juhudi za nchi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilifungua milango ya shule kwa watoto ambao wazazi wao hawakuiota. Mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo uligeuzwa ukaelekezwa katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Na Januari 2016 ada ikaondolewa hata kidato cha nne, madarasa yakafurika. Mkoa wetu wa Mtwara ulikuwa katika mradi wa Tusome Pamoja tangu 2016, kisha katika Jifunze Uelewe tangu 2021, yote miwili kwa auni ya Wamarekani, mpaka auni hiyo ilipokatika mwaka 2025. Vitabu vililetwa, walimu walipewa mafunzo, na kheri hiyo haina budi kushukuriwa. Walakini kanuni isemayo mwalimu mmoja kwa watoto 45 ingali matumaini katika shule nyingi, na hata lau ingetimia kesho, watoto 45 ni wengi mno kusikilizwa mmoja mmoja katika kipindi kimoja.

Hapa kwetu, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, haja ni kubwa zaidi kwa sababu mtoto aghalabu huingia shuleni akiwa na lugha ya mama yake, Kimakonde, Kimakua au Kiyao, na Kiswahili cha kitabuni hukutana nacho kwa mara ya kwanza pamoja na herufi zake. Kiyao hakina sauti ya r. Mtoto aliyekulia ndani yake akisoma rangi husema langi, na akiandika kura huandika kula. Katika kuitikia kwa pamoja hapana asikiaye. Akisomeshwa peke yake, msikilizaji hulisikia kosa hilo mara moja, akaweza kumtamkia polepole, akamwonyesha ulimi ulipo, bila ya kumfedhehesha mbele ya wenziwe. Na mwingine atadhihirika kwamba akili yake ni nzima na macho ndiyo yenye taksiri, kwa sababu kitabu hukileta hata kikagusa pua. Huyo dawa yake ni miwani, naye amekaa mwaka mzima nyuma ya darasa akihesabiwa kuwa mzito.

Najua nitaulizwa walimu wa kazi hiyo watatoka wapi. Swali ni la haki, na jawabu lake limekuwa mlangoni petu siku zote. Katika chuo cha Kurani kila mtoto ana ubao wake na somo lake: huandikiwa aya yake, huikariri, huja kuketi mbele ya mwalimu akasikilizwa yeye, na hasogezwi mbele mpaka aisome barabara, ndipo ubao huoshwa akaandikiwa nyingine. Mwalimu ni mmoja na watoto ni wengi, lakini kazi haimlemei, kwa kuwa wanafunzi wakubwa huwasikiliza wadogo. Vivyo hivyo katika jando na unyago: mwali hufundwa pamoja na wenziwe, lakini ana mtu wake wa kumtunza na kumwongoza. Hata katika upande wa misheni, tangu Askofu Steere alipowaleta Masasi watumwa waliokombolewa kutoka Unguja mwaka 1876, ardhi hii imekaa na kitabu kwa takriban karne moja na nusu. Watu wa mila kama hizo hawawezi kuambiwa kwamba kumshughulikia mtoto mmoja ni anasa ya nchi tajiri.

Ni kweli kwamba nchi tajiri nazo zimelifanya, na kwa gharama kubwa. Huko New Zealand, katika miaka ya 1970, bibi Marie Clay aliweka utaratibu wa kuwachukua watoto wa miaka sita waliobaki nyuma kabisa na kuwasomesha mmoja mmoja kwa nusu saa kila siku, muda wa wiki 12 hata 20, chini ya walimu waliofunzwa makusudi kwa kazi hiyo. Sisi walimu wa namna hiyo hatunao wa kutosha. Mfano ulio karibu na hali yetu ni wa India, ambako jumuiya ya Pratham iliwatumia vijana wa vijijini wa kujitolea, ikawapanga watoto kwa kadiri ya wanachokijua wala si kwa umri wao. Na miongoni mwa waliochunguza kazi hiyo ni Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer.

Basi na watumike tulio nao. Wanafunzi wa Darasa la Tano na la Sita wasomao vizuri wanaweza kusikiliza wadogo zao kabla ya kengele ya asubuhi, na anayefundisha mwenziwe huimarika yeye mwenyewe. Walimu wastaafu wamo vijijini mwetu, wana sauti zao na subira yao. Hata bibi asiyejua herufi anaweza kumwambia mjukuu amwonyeshe kwa kidole kila neno alisomalo, kisha amsimulie hadithi ilivyokwenda. Mtoto aliyekariri tu atajulikana hapo hapo, kwani kidole kitapotea njia. Sharti moja nalitia mkazo: kikao hicho kiwe barazani au chini ya mwembe wa shule, mbele ya macho ya watu, wala si chumbani, kwa sababu usalama wa mtoto unatangulia kusoma kwake.

Fedha sipendekezi. Mkulima wa korosho amekwisha kukatwa vya kutosha kabla malipo yake hayajamfikia, na makato mengine, hata yakiitwa ya elimu, yatalipaka jambo hili chuki lisiyostahili. Linalotakiwa ni wakati, na wakati nao una msimu wake. Ifikapo Oktoba korosho huanguka, familia nzima huhamia mashambani kuokota, na mtoto wa Darasa la Kwanza aliyekuwa amefika katika silabi hurudi Januari amezisahau. Kwa hiyo kazi ianze mapema katika mwaka, Februari hata Agosti, na katika miezi ya korosho kila mtoto apewe kitabu kimoja aende nacho shambani, na katika familia atajwe mtu mmoja wa kumsikiliza jioni.

Mkutano mkuu wa kijiji kwa sheria hukutana kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano ujao, Chiwata na kwingineko, mwalimu mkuu apewe nafasi, asitaje jina la mtoto yeyote wala la mzazi wake, ataje idadi tu: watoto wangapi wa Darasa la Pili hawajaweza kusoma aya moja. Kisha daftari lipitishwe, na kila aliye tayari kumsikiliza mtoto mmoja, kwa robo saa, siku tatu katika wiki, aandike jina lake.