Vita visivyo na msiba



Wazazi wa Mikocheni wamekuwa wakiniuliza swali moja, wengine baada ya Misa, wengine kwenye jumuiya: "Padri, hii michezo ya vita ya kwenye kompyuta ni dhambi?" Wanaouliza wana vijana nyumbani. Baadhi wamemaliza chuo na wanangoja ajira, baadhi wana kazi zao za mchana. Ikifika usiku mlango unafungwa, hedifoni zinavaliwa, na mama akipita koridoni anamsikia mwanawe akinong'ona kama mtu aliyejificha: "Tulia hapo hapo. Usifyatue. Kuna wawili nyuma ya ukuta." Mama wa watu anashika rozari.

Leo naomba tulijibu swali hilo kwa utaratibu, kwa maana jibu la haraka halimsaidii mama wala kijana.

Kwanza tujue wanacheza nini. Ipo michezo ya kufyatua ovyo, ambayo ukifa unafufuka baada ya sekunde chache na kuendelea. Vijana ninaowazungumzia wanaidharau hiyo. Wao wanapenda inayofanana na vita vyenyewe. Humo risasi moja inatosha kukumaliza, au inakulaza chini ukivuja damu mpaka mwenzako akufikie. Risasi zinahesabiwa. Ukibeba mzigo mzito unahema na mkono unatetemeka. Ramani haikuonyeshi ulipo, sharti uisome. Wanabishania mambo haya kwa bidii ileile tuliyokuwa nayo seminarini tulipombishania Mtakatifu Tomaso wa Akwino.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia aitwaye Reisswitz alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, kwa vipande vidogo vilivyowakilisha vikosi, na mwamuzi akitoa hukumu. Wakubwa wa jeshi wakaupenda, wakaufanya sehemu ya mafunzo ya maofisa. Kiu ya kutaka mchezo uwe kama kweli ilikuwapo tangu mwanzo.

Sasa, ni dhambi? Hata drafti ya kijiweni ni vita vya aina yake, na hakuna aliyewahi kuiungama. Kanisa limejifunza kuuliza pia jambo linaacha nini moyoni. Aliyetufundisha hilo vizuri ni mwanajeshi. Mwaka 1521 Inyasi wa Loyola alivunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona. Akiwa kitandani aliomba aletewe hadithi za mashujaa wa vita, maana alizipenda mno. Nyumbani hazikuwapo, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akagundua jambo. Alipojiwazia ushujaa wa vitani alifurahi kwa muda ule, kisha akabaki mkavu. Alipowaza kuwafuata watakatifu, furaha ilibaki hata baada ya mawazo kupita. Hapo ndipo alipoanza kujifunza kupambanua roho.

Kijana unayesoma hapa, jipime kwa kipimo hicho. Unapozima kompyuta saa nane usiku, unabaki na nini? Kama unabaki na amani, urafiki na usingizi mzuri, mshukuru Mungu. Kama unabaki na hasira, uchovu na kazi ya kesho iliyokwisha kuharibika, umeshapata jibu bila kumuuliza padri. Mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda michezo ya PlayStation, na inaelezwa kwamba alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Hakuitupa mashine, lakini hakukubali imtawale.

Kwa hiyo, mama, siwezi kukuambia kuwa mwanao anatenda dhambi kwa sababu tu anacheza vita. Ila nina swali kwa hao wanaojivunia uhalisia: uhalisia wenu unaishia wapi?

Mzee mmoja ninayemfahamu, askari mstaafu aliyepigana Vita vya Kagera akiwa kijana, alialikwa na mjukuu wake atazame mchezo. Vijana walitaka awaambie kama bunduki zinalia kama zenyewe. Akatazama kimya kwa muda mrefu, akakubali kuwa sauti inafanana. Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo, akaonyesha mtu aliyelala kando ya barabara. "Huyu anaitwa nani?" Wakacheka kidogo. "Babu, huyo ni adui tu." Akauliza, "Na yule wa kwetu aliyeanguka pale?" Hakuna aliyekuwa na jina lake. Mzee akasema, "Sisi wa kwetu tuliwajua kwa majina. Na kila mmoja alikuwa na mama."

Maandiko Matakatifu yanazifahamu habari za vita kuliko mchezo wowote, na yana uhalisia usioishia uwanjani. Soma Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 18. Vita vinapiganwa katika msitu wa Efraimu, na wanaanguka watu 20,000. Mwandishi anatumia maneno machache kwa mapigano. Kisha anatupeleka mbali na msitu, kwenye lango la mji, ambako mfalme Daudi ameketi akingoja. Wanakuja wapiga mbio wawili na habari za ushindi. Daudi hawaulizi habari ya ushindi. Anauliza kama kijana Absalomu yu salama. Na Absalomu ndiye kiongozi wa maadui. Alipoambiwa kwamba ameuawa, baba alipanda chumba cha juu ya lango akilia, na askari walioshinda wakarudi mjini kwa kunyemelea, kama watu walioona aibu. Hivyo ndivyo Biblia inavyohesabu ushindi. Inaufuata mpaka unapogeuka msiba nyumbani kwa mtu.

Sisi Watanzania hatuhitaji kwenda mbali kuliona hilo. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, vita vilivyofuata vilifika Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Tunaikumbuka tarehe hiyo kwa fahari, na tuna haki. Lakini kule Kaboya, wilayani Muleba, yako makaburi ya mashujaa wetu wa vita vile. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Miili ikaletwa hapa Dar es Salaam. Katika michezo mingi hakuna jeneza linaloshuka kwenye ndege, wala mjane, wala mtoto anayeuliza baba atarudi lini.

Tena yupo mtu mwingine anayesahaulika. Kila siku mnapita Kariakoo. Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu, bila kufyatua risasi hata moja. Maandishi ya Sanamu ya Askari pale Posta yanawataja pia wapagazi. Mpenzi wa michezo ya vita anaweza kukusimulia Vita vya Tanga vya Novemba 1914, jinsi jeshi lililoletwa kutoka India lilivyoshindwa na kikosi kidogo zaidi. Muulize nani alibeba risasi na chakula, na kwa malipo gani. Hapo ndipo uhalisia unapoanza kuwa kazi.

Watengenezaji wengine wamelitambua hili. Mwaka 2014 Wapolandi walitoa mchezo uitwao This War of Mine, uliotokana na habari za mji wa Sarajevo uliozingirwa miaka ya 1990. Humo wewe si askari. Wewe ni raia unayetafuta chakula na dawa usiku, na wakati mwingine unaamua kama utamwibia mzee mwenzako ili mtu wako asife. Mwaka 2017 mchezo wa Arma 3, ambao mashabiki wa uhalisia wanauheshimu sana, ulipata sehemu mpya iliyotayarishwa kwa kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Mchezaji anatumwa kutegua mabomu ya ardhini baada ya vita, kazi ambayo panya waliofunzwa Morogoro wanaifanya kweli katika nchi za watu. Mpenzi wa uhalisia asiyetaka kuona mambo hayo anapenda nusu tu ya ukweli.

Uhalisia huu una hatari nyingine inayotugusa hata sisi tusiocheza. Mwaka 2022 kampuni inayotengeneza Arma 3 ililazimika kuuambia ulimwengu kwamba video za mchezo wake zinasambazwa kama picha halisi za vita vya Ukraine na kwingineko. Ndugu msomaji, fungua simu yako. Ni mara ngapi umepokea kwenye kundi la kwaya au la jumuiya ndege inaungua, na maneno ya kutisha chini yake, nawe ukaisukuma mbele kabla hujamaliza kuitazama? Amri ya nane inakataza ushahidi wa uongo, na kidole kinaweza kuivunja kama ulimi. Hapa nawaomba vijana watusaidie. Ninyi mnaujua mwendo wa kombora la mchezo na moshi wake. Mkiona video ya namna hiyo, semeni mapema, kabla wazee wenu hawajamchukia mtu kwa jambo ambalo halikutokea.

Sasa niseme neno la sifa, maana wanastahili. Katika michezo hii kikosi kinachomwacha majeruhi nyuma kinaonewa aibu. Sauti inasikika: "Vumilia, nakuja." Asiyeonekana siku mbili anatafutwa. Nimeona mmoja wao akifiwa na baba. Wenzake wa kikosi, kutoka Tabata, Mbagala na mmoja wa Mombasa, walichanga kwa simu. Waliokuwa mjini wakaja msibani, wakapanga viti na kubeba maji. Ndugu wa marehemu wakaulizana hawa ni akina nani. Baadhi yao ndiyo kwanza walikuwa wanaonana uso kwa uso. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Jilinganishe nao, msomaji wa Mikocheni. Tunaishi nyuma ya kuta ndefu zenye nyaya za umeme juu. Jirani anaugua wiki tatu, nasi tunapata habari tunapoona turubai. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki waliamua tangu miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, watu wanaojuana kwa majina. Leo jumuiya nyingi zinawapata wanaume wawili na akina mama waaminifu walewale. Yule aliyepooza wa Kapernaumu, katika sura ya pili ya Marko, alimfikia Yesu kwa sababu watu wanne walimbeba na kufumua paa. Je, katika mtaa wako, wanne wako ni akina nani?

Hata hivyo ushirika wa kikosi una upungufu mmoja. Unahitaji adui ili uwepo. Tabibu wa kikosi anakimbilia wa kwake tu. Yesu, alipoulizwa jirani ni nani, alimchagua Msamaria, mtu wa upande mwingine, akamfanya asimame kando ya njia ya Yeriko na kumwinua majeruhi asiye wake. Urafiki wa Kikristo unapimwa hapo, kwa yule aliyeanguka upande wa pili.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kijana, usizime akili yako unapowasha kompyuta. Jiwekee saa, na kiu yako ya ukweli ifike mpaka kwenye msiba. Mzazi, kabla ya kuvunja mashine, ingia chumbani, kaa, uliza. Jua majina ya wenzake wa kikosi kama unavyojua majina ya ndugu zake. Mwalike mmoja aje kula wali. Nasi wa jumuiya, tuwape vijana hawa kazi ya kubeba watu kweli: kuna wagonjwa wanaoishi ghorofani wasioweza kushuka kuja Misani.

Ikifika Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, wachukueni vijana mwende kwenye makaburi ya vita yaliyo kandokando ya barabara iendayo Bagamoyo. Tunayapita kila siku tukilalamikia foleni. Tembeeni taratibu kati ya mistari ya mawe, msome majina kwa sauti. Mtakapofika kwenye jiwe la asiyejulikana, simameni hapo kidogo zaidi, mumwombee naye raha ya milele.

Nawatakia Jumapili njema.