Mita 60 za ukingo wa mto ziwe na njia ya miguu

Ukitaja Ngara, watu wengi hufikiria vilima, migomba na baridi ya asubuhi, na hawakosei. Lakini ukishuka mpaka chini, kwenye mabonde ya Ruvuvu na Kagera, nchi inajinyoosha. Huko kuna mafunjo yaliyojaa bonde, maji ya rangi ya udongo yanayopita taratibu, na kijia cha miguu kilichobanwa kati ya tope na mashamba. Kijia hicho kinaliwa kila msimu wa kilimo. Nasema kilindwe kabla hakijatoweka, tena kwa sheria ambayo tayari tunayo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Nilipokuwa afisa ugani katika tarafa ya Murusagamba niliisoma mbele ya wakulima mara nyingi, na kila mara waliisikia kama katazo tupu: usilime, usijenge. Mzee mmoja akaniuliza, "Sasa Mama Shamba, kipande hicho kitakuwa cha nani?" Jibu la kiofisi lilikuwa kwamba ni cha serikali. Kijijini kwetu kitu cha serikali hakina mwenyewe. Mwaka uliofuata mihogo ilikuwa imesogea hatua kadhaa, na baada yake matuta ya viazi yakafika kwenye mafunjo.

Ningependa kipande hicho kipate mwenyewe, na mwenyewe awe mtu anayetembea.

Sisemi habari za watalii wenye kamera. Wao wana Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, na magari ya kuwafikisha huko. Nawasemea watu wa huku, wanaopanda Noah au Hiace na kuwa na Jumamosi moja ya kupumzika. Tangu nistaafu hiyo ndiyo burudani yangu. Natoka Murusagamba na gari la alfajiri, lile lililojaza abiria kwanza. Tunapita Rulenge penye misheni, tunafika Ngara mjini watu wakiwa kwenye chai, kisha naunga gari jingine la upande wa mto. Huwa niko na wajukuu, na jirani yangu mwalimu akipata nafasi. Konda akisikia tunashuka bondeni hushangaa: "Mama, hapa hakuna kituo." Namwambia, "Hapa hapa, mwanangu, tushushe."

Kuanzia hapo ni kutembea chini ya kilima, mafunjo upande mmoja na migomba upande wa pili. Mahali hapa ni pazuri kwa mtu wa umri wangu kwa sababu hapana mpando; goti halilalamiki. Tunakuta akina mama wakikata mafunjo ya mikeka, vijana wakitega ndoana za kambale na kamongo, mtumbwi mmoja ukipita bila haraka. Kwera wameshona viota vyao kwenye mabua yaliyoinamia maji. Siku ya bahati tunawaona korongo taji wawili wawili, wakitembea shambani kwa madaha kama wenye shamba. Tukifika karibu na kivuko tunakaa, tunakula ndizi na mayai ya kuchemsha tuliyonunua njiani, na watoto wanaanza maswali.

Maswali hayo ndiyo yananifanya niandike. Mtoto wa Ngara anafundishwa darasani kwamba mto Kagera ni mmoja wa vyanzo vya Nile. Anaandika jibu, anapata vema, na huenda akamaliza shule hajawahi kusimama ukingoni. Kumbe maji yanayompita hapo yametoka mbali. Kijito cha Ruvyironza kinaanzia Burundi, karibu na Rutovu, ambako tangu mwaka 1938 kuna piramidi ndogo ya mawe kuonyesha kwamba hicho ni chanzo cha Nile cha kusini kabisa. Ruvyironza unaingia Ruvuvu, Ruvuvu unakutana na Nyabarongo karibu na Rusumo, na kuanzia hapo mto unaitwa Kagera, mpaka Ziwa Victoria, mpaka Misri, mpaka bahari ya Mediterania. Mjukuu wangu mdogo alipoelewa hilo alisimama akaliangalia jani linaloelea mpaka likapotea. Sijapata kuona ramani ya ukutani ikimshika mtoto namna hiyo.

Ukiwa na muda, endelea na gari hadi Rusumo. Maporomoko si marefu sana, ila mto mzima unapita hapo kwa nguvu, na mitambo ya megawati 80 inagawa umeme kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Daraja lake lina habari nyingine, ambayo siwezi kuipita. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walilivuka kuja kwetu wakitoka Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ikawa mji wa turubai kwa siku chache. Miti ikaisha kwa kuni na vilima vikabaki wazi. Na mto wenyewe, katika wiki zile, ulibeba maiti hadi Ziwa Victoria. Watu wazima wa hapa hawasemi sana. Lakini nikitembea na vijana ukingoni, wao huuliza na mimi huwajibu, maana mahali penyewe panasaidia kueleza.

Najua kuna atakayesema bonde ni chakula. Nakubali, na nimelifanyia kazi miaka yangu yote ya ajira. Kuanzia Juni hadi Agosti, vilima vikikauka, maharage na mboga za bondeni ndizo zinazowavusha watu. Ndiyo maana siombi mita 60 zote ziwe uwanja wa kutembelea. Njia ya miguu haihitaji zaidi ya mita mbili. Zilizobaki ziachiwe mafunjo, yanayochuja udongo, yanayozuia mafuriko ya masika yasibebe mashamba ya juu, na yanayowapa akina mama mikeka. Aliyelima ndani ya mpaka avune kwanza, aonyeshwe kipande kingine, kisha kijia kipimwe. Akifukuzwa na mgambo mihogo ikiwa bado ardhini, kijia hicho kitachukiwa tangu siku ya kwanza, na kwa haki.

Uwezo wa kufanya haya uko kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaruhusu halmashauri ya kijiji kupendekeza ardhi ya matumizi ya pamoja na mkutano mkuu wa kijiji kuiidhinisha, ikaandikwa kwenye rejista. Tumezoea kuandika malisho, msitu, makaburi na uwanja wa shule. Njia hatuziandiki, kwa sababu tunadhani zipo tu. Uingereza nao walidhani hivyo, mpaka mwaka 1949 Bunge lao likaziagiza halmashauri za majimbo zichore ramani ya kila njia ya miguu ya umma, na iliyoingia kwenye ramani mwenye shamba hawezi kuifunga kwa hiari yake. Uingereza ina mashamba mengi ya watu binafsi kuliko sisi, na bado waliweza.

Lipo na suala la usafiri. Magari yetu yanaondoka yakijaa, hilo kila mtu analijua, na la kurudi Murusagamba likikupita ni kulala kwa ndugu au kulipa bodaboda pesa ya wiki. Anayekwenda kutembea anahitaji kujua gari la mwisho linaondoka Ngara saa ngapi. Wenye magari wakubaliane saa moja tu ya jioni, iandikwe stendi kwa rangi, na iheshimiwe. LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wanaweza kusaidia kwa kutambua vituo vya bondeni ili konda asione anavunja utaratibu anapomshusha mtu karibu na mto.

Na kwa mtu anayetaka kujaribu kesho: beba kitambulisho cha NIDA. Tuko mpakani, na mgeni anayetembea bila jembe wala mzigo ataulizwa ametoka wapi. Anza kwa kumsalimu mwenyekiti wa kitongoji na kumweleza unakopita. Kwetu hiyo ni heshima kabla ya kuwa usalama. Usishuke kwenye maji, kuna mamba, na ikifika saa kumi na moja jioni uwe umekwishapanda juu, kwa sababu viboko hutoka kula majani gizani na hawampishi mtu. Miezi ya kiangazi ndiyo mizuri. Masika tope hufika magotini.

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria, hukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Ombi langu la maandishi limeshafika kwa mtendaji, na nimewaandikia rafiki zangu wa vijiji vya kando ya Ruvuvu walete la kwao. Ombi langu linataka mambo matatu: njia ya ukingoni iingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ikiwa na upana wake, ukingo upandwe alama za miti ya asili badala ya nguzo za saruji, na shule ya msingi iliyo jirani ipewe Ijumaa moja kila muhula ya kuitembea na walimu wake. Wajumbe wakihitaji mtu wa kushika kamba ya kupimia, mimi nipo.